Goti lenye moto si la kungojea Jumatatu



Niliahidi kuandika juu ya kazi za masomo za nyumbani. Zitangojea. Leo ninaandika juu ya goti.

Mwaka uliopita, siku ya Alhamisi, mutoto mumoja wa darasa langu alirudi toka rekreasio akichechemea. Nikauliza: umeanguka? Wenzake wakajibu kwa sauti moja: ndiyo Madame, katika mupira. Nikamwambia akae, itapita. Ijumaa hakuja. Jumatatu mama yake akafika mulangoni mwa darasa: «Madame, mutoto hakanyagi tangu Ijumaa. Mwili ni moto sana.»

Nyumbani nkambo wake alikuwa amemukanda kwa maji ya moto na chumvi, kisha akamuchanja kidogo pembeni ya goti, kwa sababu jirani mumoja alisema kwamba mutoto amekanyaga dawa ya mutu. Jumamosi walinunua ampisilini sita kwenye farmasi. Jumapili wakaenda kwenye dispanseri ya karibu. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria, misalaba miwili, wakamuwekea serumu ya kinini. Kila mumoja alifanya kitu, na mimi pia: nilisema itapita. Goti lenyewe, hakuna mutu aliyelipima.

Jumanne munganga wa hospitali kubwa aliingiza sindano ndani ya goti, akatoa maji mazito ya manjano kama maziwa yaliyoganda. Ilikuwa usaha. Siku ileile wakamupasua na kusafisha goti.

Kile kinachotokea ndani ni hiki. Mwisho wa mufupa wa kuku munajua ile nyeupe laini ambayo watoto wanapenda kutafuna? Ile ni gegedu. Na sisi tunayo katika magoti, na maji kidogo yanayoteleza kama mafuta ya mashine, ili mifupa isisuguane. Mikrobu zikiingia mule, mara nyingi ile inayoitwa stafilokoki, usaha unakula gegedu. Haichukui miezi, siku chache zinatosha kuiharibu, na ikiisha kuliwa hairudi. Ndiyo sababu waganga wanahesabu hiyo kuwa kesi ya haraka, hata kama mutoto angali anaongea na anaomba bukari.

Mikrobu zinapita wapi? Mara nyingi kwa njia ya damu: jipu kwenye ngozi, kidonda kilichokwarua, koo lenye kuuma. Kuanguka kunaweza kusaidia, lakini tusidanganyike. Mutoto wa miaka nane anaanguka kila siku, kwa hiyo kila ugonjwa wa muguu utapata siku yake ya kuanguka. Goti la kuanguka tu haliletei mutoto homa kali. Goti moja limevimba, lina moto ukiligusa kwa mugongo wa mukono, mutoto ana homa, anakataa kukanyaga, analia ukitaka kulikunja hata kidogo: ni hospitali siku ileile, hata usiku, hata Jumapili.

Mutoto muchanga hawezi kuonyesha, na pengine homa yake ni ndogo. Mutaona muguu mumoja hauchezi, na analia kila mara munapomubadilisha nguo ya chini. Na jambo ambalo mimi sikulijua: mutoto anaweza kuonyesha goti kumbe ugonjwa uko juu, katika nyonga. Muombe munganga apime vyote viwili.

Sasa ile malaria. Hapa kwetu Lubumbashi watoto wengi wanaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Misalaba miwili ni kweli, na malaria itibiwe. Lakini malaria haivimbishi goti moja. Tukipata jibu la kwanza tunafurahi na kuacha kutafuta la pili. Muulize bila haya: «Na goti, munganga?»

Wenye watoto wa SS, musome hapa mara mbili. Munajua maumivu ya mifupa yanavyowashika, na munazoea kumupa mutoto dawa ya maumivu na maji mengi, mukingojea. Lakini mutoto wa SS anashikwa kwa urahisi na mikrobu za mifupa na viungo, pamoja na salmonela, ndugu za ile ya tifoide. Kiungo kimoja kikivimba na homa ikapanda, musiite kwamba ni maumivu ya kawaida. Munganga ndiye atakayetenganisha.

Kipimo kinachosema ukweli ni yale maji ya ndani ya goti. Katika goti zima, chembe nyeupe za damu hazifiki 200 katika milimita moja ya mujazo. Katika goti lenye usaha mara nyingi zinapita 50.000. Laboratwari inatafuta pia mikrobu yenyewe kwa darubini, na kuiotesha siku kadhaa ili kujua dawa gani inaiua. Hapo ndipo zile ampisilini sita zinaharibu kazi: hazitoshi kuponya, lakini zinatosha kuificha mikrobu. Kama mumekwisha kumupa mutoto dawa, museme, mulete na kikaratasi chake, hakuna atakayewafunga. Na picha ya radio ikionyesha mifupa mizuri, musirudi nyumbani mukishangilia, maana siku za kwanza radio inaweza kuwa nzuri kabisa.

Matibabu ni mambo mawili pamoja: kutoa usaha, kwa sindano au kwa kupasua na kuosha, na dawa ya antibiotiki, kwanza katika mushipa, halafu vidonge. Vyote pamoja mara nyingi ni juma mbili hadi nne, pengine zaidi. Hapa wengi tunaanguka. Siku ya tatu homa inashuka, mutoto anacheka, fatura inapanda, na mama anaomba kutoka. Mukitoka, mutoke na vidonge vyote na siku ya kurudi. Kisha kuna mazoezi ya kukunja goti, ambayo yanaumiza na yanachosha, lakini goti lisilokunjwa linakauka.

Watu wazima pia wanapatwa, zaidi wenye ugonjwa wa sukari, wazee ambao magoti yamekwisha kuchakaa, na waliochomwa sindano ndani ya goti. Si kila goti la nkambo ni rumatizima.

Neno juu ya feza, kwa vikundi. Yule mama alipoteza siku ya Jumatatu nzima akizunguka kwa shangazi na kwa majirani kutafuta feza ya kuweka mbele kabla ya kupokelewa. Kikundi chake kina likelemba, lakini zamu yake ilikuwa mbali. Ninauliza wasimamizi: hatuwezi kuweka kando kiasi kidogo kila juma, kisichofuata zamu, kwa ajili ya mutoto wa hospitali tu? Muzungumze Jumamosi hii na muniletee jibu.

Mutoto alirudi darasani kisha miezi miwili. Anatembea, lakini goti halikunjiki mpaka mwisho. Nimemukalisha kwenye mwisho wa benchi, karibu na njia, ili aweze kunyoosha muguu.

Kazi za nyumbani, juma lijalo.