Nyumba bila moshi: shida si taa, shida ni mbabula

Wandugu wa kazi, siku hizi tunasikia sana maneno ya nyumba isiyotoa moshi hata kidogo. Wengi wanafikiri njo kuweka pano ya jua ku bati, basi. Hapa Kolwezi hesabu iko ingine.

Umeme wa SNEL karibu wote unatoka ku maji: Nzilo na Nseke ku mto Lualaba, tena Inga. Waya wa Inga unatembea karibu kilomita 1 700 mpaka huku. Ulijengwa kwa ajili ya migodi, na unapita juu ya vijiji vingi bila kuvishushia hata taa moja. Kwa hiyo umeme huo hauna moshi. Moshi unaanza wakati unakatika: jirani anawasha jenereta, mama anawasha mbabula. Na kuna mitaa ambayo haijapata hata nguzo.

Sasa tuone jua. Taa nne ndogo, televizyo ya wati 50 kwa saa nne, na telefone: yote inakula kama wati-saa 330 kwa siku. Pano ya wati 100 inaweza, jua likiwa zuri. Lakini resho ya wati 1 000, saa mbili tu, inakula 2 000. Bukari na sombe haviivi kwa pano moja! Pano moja inaondoa kandili, mbabula inabaki, na batoto wanaendelea kukohoa.

Kuhusu bateri, mimi mwenyewe nilikosea. Nilinunua ya gari, nikaimaliza kila usiku, ikakufa kabla ya mwaka. Haikufanywa kwa kazi ile. (Ikikufa, batoto wasiivunje: risasi yake ni sumu.) Inayofaa ni ya litiyumu na fosfati ya chuma, bei yake iko juu, lakini inadumu miaka mingi. Na hapa tucheke kidogo: ile haina kobalti. Sisi tunaochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, bateri nzuri ya nyumba zetu haina hata gramu moja ya jasho letu.

Kwa nini nasema haya sasa? Sheria ya madini ya 2018 inadai kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wakikuja na vipano vidogo vya kugawa, tupige picha, tupige makofi, watasema mambo ya umeme imeisha. Tusikubali vipano hivyo vichukue nafasi ya nguzo na transfo. Kwanza waya mu mitaa, ili mama apike bila makala. Pano zifuate, kwa saa za giza.

Na pano zikitolewa kwa deni la kukatwa ku mshahara, tuulize kwanza: mwenzetu wa kontra ya miezi sita, kontra ikiisha, deni litabaki kwa nani?