Kulewa Bahari: Tunayoambizana Gatini

Kusi likishika, kuanzia Juni hadi Septemba, wahudumu wa boti za Dar es Salaam na Unguja huanza kugawa mifuko ya kutapikia mapema kabisa. Wanaoendelea hadi Pemba ndio hukoma zaidi, maana mkondo wa Nungwi hauna staha kwa mtu. Na pale gatini, kabla ya kupanda, kila mmoja ni tabibu. Ushauri hutolewa bure na kwa nia njema, na mwingi wake ni makosa.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili la kwamba kutapika baharini ni woga, au ni ushamba wa watu wa bara. Horatio Nelson, amiri wa Uingereza aliyeingia jeshi la majini akiwa na miaka 12, alikuwa bado analalamika kwenye barua zake, akiwa mzee wa vita, kwamba upepo ukivuma kwa nguvu yeye huumwa. Charles Darwin alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, na bahari ilimtesa kutoka mwanzo hadi mwisho. Shida haiko moyoni, iko sikioni. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji yenye majimaji inayopima kichwa kinavyogeuka, na vijiwe vidogo mno vinavyopima mwili unavyopanda na kushuka. Ukiwa umekaa ndani ya boti, macho yanaona kiti na ukuta vimetulia, huku sikio likishikilia kwamba tunapanda na kushuka. Ubongo umeletewa mashahidi wawili wanaopingana, na hasira yake inaishia tumboni. Mwaka 1882 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba viziwi wengi hawapati kizunguzungu hata wakizungushwa; na watu ambao kiungo hicho cha sikio kimekufa kabisa hawalewi bahari hata katika dhoruba. Kama ugonjwa ungekuwa woga, wangetapika na wao.

Basi vipi mvuvi wa ngalawa, mbona yeye anakula wali wake kimya? Amezoea. Ubongo huhitaji siku mbili tatu hivi baharini kujifunza mwendo wa chombo, kisha hutulia. Ila huwa umejifunza mwendo ule, si kila mwendo. Mtu huyohuyo mpakie kwenye meli kubwa inayobingirika taratibu, anaweza kukuomba mfuko. Mawimbi yanayochafua roho zaidi ni ya polepole, yanayoinua na kushusha chombo mara moja kila sekunde tano hivi. Mtikisiko wa harakaharaka huchosha mgongo tu.

"Panda na tumbo tupu, utatapika nini?" Utatapika nyongo, mama, na inauma kuliko chai na mkate. Njaa huongeza kichefuchefu. Kula kidogo, kitu kikavu kisicho na mafuta, saa moja au mbili kabla. Supu ya utumbo na chapati iache hadi ufike. Pombe pia iache.

Kuhusu kiti, nacheka kidogo. Watu huongeza nauli wakakae juu na mbele, ati kuna hewa na mandhari. Hewa ipo, ni kweli, na hewa safi inasaidia. Lakini omo ndiyo inayonyanyuka na kuanguka kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyoyumbishwa. Umelipa zaidi ili uumwe zaidi. Mahali patulivu ni katikati, chini, karibu na usawa wa maji. Ukiweza kuona nje, kazia macho upeo wa macho, pale mbingu na maji vinapokutana, ili jicho na sikio vianze kusema jambo moja. Usipoweza, lala chali, kichwa kisitikisike, funga macho. Simu irudi mfukoni: kusoma ujumbe kwenye mawimbi ni kuchokoza nyuki. Anayeshika usukani hulewa kidogo kuliko abiria wake, kwa kuwa anajua wimbi linakuja kabla halijafika.

Sasa dawa, ambako ndiko makosa ya gharama hufanyika. Kauli ya kawaida ni: "Nina kidonge, nitameza nikianza kusikia kichefuchefu." Ukianza kusikia umechelewa. Roho ikichafuka, tumbo husimamisha kazi yake. Kidonge hukaa pale kikisubiri kufika kwenye utumbo, na mara nyingi hurudi juu pamoja na maji uliyokimezea. Dawa hizi huzuia, si nyepesi kutibu. Promethazini humezwa usiku wa kuamkia safari, au saa moja hadi mbili kabla. Sinarizini, saa mbili kabla. Yaani boti ikiondoka saa moja asubuhi, wewe meza saa kumi na moja alfajiri.

Halafu, dawa gani? "Yoyote ya kutapika" si jibu. Metoklopramidi, ambayo wauza dawa huitoa haraka, haifai kitu kwa kulewa bahari. Setirizini na loratadini za aleji ni ndugu wa promethazini, lakini hazileti usingizi kwa sababu hazipenyi sana ubongoni, na kwa sababu hiyohiyo hazizuii. Haiosini ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwani ziko mbili. Ile ya tumbo la kukata, iliyojaa kila duka, ni haiosini butilibromaidi: haifiki ubongoni, italegeza utumbo wako na kukuacha ukiinamia mfuko. Soma jina kwenye pakiti. Inayosaidia ni haiosini haidrobromaidi ya vidonge, au haiosini ya kubandika nyuma ya sikio, inayobandikwa saa kadhaa kabla na kudumu siku 3.

Nyingi kati ya hizi hulaza. Usimeze kisha ukashuke kuendesha gari, wala usichanganye na pombe. Mwenye presha ya macho, mwenye tatizo la tezi dume na mjamzito wamuulize mfamasia kwanza. Promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka 2. Watoto wa umri huo hawalewi sana hata hivyo. Wanaotapika sana ni wa umri wa shule ya msingi.

Tangawizi je? Hapa siwezi kuwapinga bibi zetu moja kwa moja. Mwaka 1988 Wadenmaki waliwajaribu kuruti 80 wa jeshi la majini: waliopewa gramu moja ya tangawizi walitapika kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu, ingawa kichefuchefu chenyewe hakikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Majaribio mengine hayakuafikiana. Kwa bahari ya Desemba, itafune. Kwa kusi la Julai, usiitegemee peke yake. Ndimu ya kunusa haina ubaya, nayo hufukuza harufu ya jirani.

La mwisho ni "ukishatapika umepona, wala hakuna aliyekufa kwa hilo." Nafuu huja, kisha wimbi linalofuata hurudisha yote. Mwenye kutapika saa nyingi hukaukiwa maji, na mtoto hukaukiwa haraka zaidi: mpe maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, kijiko kwa kijiko. Mtu mzima aliyelegea akiegemea ukingo wa chombo anaweza kudondoka. Ashikwe, na atapikie upande wa demani, upepo unakokwenda, asiwaogeshe wenzake. Sheria za kimataifa za usalama wa meli zinataka boya la kuokolea lenye paa liwe na dawa ya kulewa bahari ya kumtosha kila mtu kwa saa 48 au zaidi. Waliotunga sheria hizo hawakuiweka kwa ajili ya starehe.

Kwa hiyo anayesafiri kesho asubuhi apitie duka la dawa leo jioni.