Wana Wetu wa Kiume na Jiko



Juma lililopita nilimtembelea mzee mmoja wa hapa Mkange, aliyefiwa na mkewe miezi michache iliyopita. Ilikuwa saa nane mchana, naye alikuwa anakunywa chai ya rangi kwa andazi la dukani. Nilipomwuliza habari ya chakula, alinijibu kwa sauti ya chini: "Baba Padri, miaka arobaini nililishwa. Hata maji ya ugali sijui kuyapima." Ndani mlikuwa na unga, nyanya na mkaa. Kilichokosekana ni ujuzi ambao hakuna aliyempa, wala yeye hakuutafuta.

Ni maoni yangu kwamba tunawakosea wana wetu wa kiume tunapowafukuza jikoni. Tunawaandaa kuwa wageni katika nyumba zao wenyewe, na mzigo wote tunamtwika mama, awe mzima au mgonjwa.

Napendekeza waanze na chakula ambacho hapa kwetu hakuna aliyewahi kukiita kazi ya wanawake: makaroni ya kuokwa, ambayo Waitaliano huiita "pasta al forno", yaani pasta ya tanurini. Kwao ni chakula cha Jumapili na sikukuu, kinachopikwa kwa wingi ili familia nzima iketi pamoja.

Mtaniuliza, "Tanuri tutalitoa wapi?" Mama zetu wa pwani walikwisha kutujibu. Mkate wa kumimina huiva kwa moto wa chini na makaa juu ya mfuniko. Makaroni nayo itaiva vivyo hivyo.

Kwa watu sita, kaanga vitunguu viwili, kitunguu saumu na karoti. Tia nusu kilo ya nyama ya kusaga, kisha nyanya nane zilizokatwakatwa, na uache mchuzi uchemke polepole kwa muda wa saa moja. Pembeni yeyusha gramu 50 za siagi, changanya na gramu 50 za unga wa ngano, kisha mimina nusu lita ya maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka uzito upatikane. Kunia kungumanga kidogo. Waitaliano hawaiachi, nasi tunaipata kwa majirani zetu wa Unguja.

Chemsha nusu kilo ya makaroni, uiepue ikiwa bado ngumu kidogo. Ichanganye na mchuzi, itandaze katika sufuria iliyopakwa mafuta, na mimina yale maziwa mazito juu. Jibini ni ghali. Maskini wa kusini mwa Italia walitumia chenga za mkate mkavu badala yake, nasi tufanye hivyo. Funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu, kwa muda wa nusu saa. Epua, acha ipoe dakika kumi, ndipo ukate vipande.

Kazi hii yataka watu wawili: mmoja akoroge maziwa yasishike mabonge, mwingine aangalie nyama isiungue. Baba na mwanawe wanatosha kabisa. Mama aketi, aletewe sahani.

Wapo watakaosema kwamba mwanamume jikoni hupoteza heshima. Nawasihi wamtazame mzee wetu na andazi lake, kisha waniambie heshima hiyo imemfaa nini.

Jumapili nilirudi kwake pamoja na vijana wawili na pakiti ya makaroni. Yeye alishika koleo na kuyapanga makaa juu ya mfuniko, akiyasogeza kwa uangalifu mkubwa. Upande mmoja uliungua kidogo, tuliula wote. Tulipokuwa tunaaga, alinishika mkono akasema, "Baba Padri, hii ya Waitaliano nimeiona. Kesho njoo unionyeshe ugali."

Nawatakia Dominika njema.