Butembo: Duka lafungwa kwa kufuli, pesa zaibiwa kwa simu

Kila jioni, kabla giza halijaingia, wafanyabiashara wa Rue d'Ambiance mjini Butembo hufunga milango ya chuma, hutia kufuli mbili au tatu, kisha humwachia mlinzi zamu ya usiku. Miaka ya vita imewafundisha wakaaji kujilinda wenyewe. Lakini leo sehemu kubwa ya mali hailali tena dukani. Inalala ndani ya simu: kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kwenye mazungumzo ya WhatsApp na wauzaji wa Dubai na Guangzhou. Mlango huo, wengi wanauacha wazi.

Jambo hili haliwahusu matajiri peke yao. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Juni 2024, familia nyingi za kusini mwa Lubero zilipanda kuelekea Lubero, Butembo na Beni. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mashambulizi ya ADF. Goma ilipotekwa mwisho wa Januari 2025, mabenki ya huko yalifungwa, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Kwa mama aliyekimbia na watoto wanne, kabini ya kando ya barabara ndiyo benki yake. Hapo ndipo anapopokea msaada, au dola kumi alizotumiwa na ndugu wa Kampala. Mwenye kabini akiibiwa mtaji wake leo, kesho mama huyo atafika na kuambiwa hakuna pesa. Kwa hiyo kulinda biashara ndogo ni kulinda pia chakula cha waliokimbia.

Na wezi hawa hawahitaji elimu kubwa. Mmoja hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni ya simu, kisha hupiga akilia: "Mama, pesa imekuja kwako kwa makosa, unirudishie, mtoto yuko hospitalini." Mama hurudisha bila kutazama salio, na pesa inayotoka ni yake mwenyewe. Mwingine hujifanya mfanyakazi wa kampuni au wa shirika la msaada, naye huomba namba ya siri ili "kuandikisha jina kwenye orodha". Wa tatu huomba zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hutuma kwa ujumbe. Akizipata, akaunti ni yake. Huwaandikia wateja kwa jina la mwenye duka, au humpa mnunuzi namba mpya ya akaunti ya benki, na malipo ya kontena nzima yanapotea njiani.

Wapo wanaosema kwamba mashambulizi ya mtandao ni shida ya miji mikubwa ya ng'ambo. Hawatazami hata upande wa pili wa Kasindi. Uganda, mwezi wa Oktoba 2020, wezi waliingilia kampuni ya Pegasus Technologies, iliyounganisha mabenki na pesa ya simu, na baadhi ya huduma zikasimamishwa. Mwezi wa Novemba 2024, serikali ya nchi hiyo ilikubali mbele ya bunge kwamba akaunti za benki kuu zilivamiwa. Kama benki kuu imeguswa, kabini ya Vulamba au ya Mulekera inalindwa na nani?

Kosa kubwa mjini ni kumcheka aliyeibiwa. Anaitwa mjinga, naye hunyamaza kwa aibu. Akinyamaza, jirani yake anaibiwa kwa hila ileile wiki inayofuata. Aibu ni ya mwizi. Mfanyabiashara anayesimulia sokoni jinsi alivyodanganywa anawasaidia wenzake kuliko yule anayeficha.

Lakini raia hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali, nayo inaadhibu makosa ya mtandaoni. Sheria iliyoandikwa Kinshasa itamfaa mama wa kabini siku atakapojua mlango gani wa kugonga, na polisi atakayempokea akijua cha kuandika. Meya wa Butembo na wa Beni wanaweza kutangaza hilo redioni kwa Kiswahili na Kinande. FEC, inayounganisha wafanyabiashara, inaweza kuwaonya wanachama kila hila mpya inapotokea. Kampuni za simu, zinazokata ada kwenye huduma hizi, zina deni la kusimamisha haraka pesa iliyoibiwa kabla haijatolewa.

Kuna pia shida ya waliokimbia bila kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo kitambulisho. Wengi wao hutumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Pesa ikiibiwa, hawawezi kudai. Mwenye jina akikasirika, anaweza kuichukua laini. Kuwapa karatasi halali na laini za majina yao ni ulinzi kuliko hotuba nyingi.

Wakati hayo yanangojwa, kuna ya kufanya leo bila gharama. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala asipewe mtu yeyote, hata anayesema ametumwa na kampuni. Salio litazamwe kabla ya kurudisha pesa. Kwenye WhatsApp iwekwe namba ya pili ya ulinzi. Muuzaji akibadilisha akaunti ya benki, mnunuzi ampigie kwa namba ya zamani na kusikia sauti yake kabla ya kulipa. Na simu ya biashara isiwe ya kuchezea watoto.

Butembo ilijengwa na watu walioaminiana kwa neno la mdomo. Uaminifu huo usiachwe uibiwe na sauti isiyojulikana kwenye simu.