Tumeitwa Kusema, Sasa Tujibiwe



Katika bonde hili letu la Mathare, kuitwa kutoa maoni si jambo geni tena. Tangazo hubandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu, mara nyingi kwa Kiingereza, mara nyingi siku mbili tatu kabla ya kikao, na anayelisoma ni yule aliyekwenda kutafuta barua ya kitambulisho. Siku ikiwadia, viti vya plastiki hupangwa, na kabla mtu hajatamka neno lolote karatasi ya mahudhurio huanza kuzunguka. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Mgeni mheshimiwa hufika akiwa amechelewa. Husoma kwa kasi kurasa ambazo hakuna aliyezipata mapema, kisha hutangaza kwamba sasa ni zamu ya wananchi, kila mmoja dakika mbili. Mama mboga aliyefunga kibanda chake asubuhi nzima huzitumia dakika zake kueleza habari ya maji machafu yanayopita mlangoni pake. Hupigiwa makofi. Maneno yake huandikwa, au pengine hayaandikwi. Hakuna ajuaye, kwa kuwa daftari huondoka na mgeni wala halirudi.

Kinachosalia ni ile karatasi ya sahihi. Hiyo haipotei kamwe. Hiyo ndiyo huwekwa mbele ya wakubwa, na ikibidi mbele ya mahakama, kuthibitisha kwamba watu wa Mathare walishirikishwa. Sahihi tuliyoitia ili tupate kiti hugeuzwa kuwa sahihi ya kukubali.

Wasomaji wetu wanaokwenda kanisani wanakijua kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu. Wengi hukumbuka tamaa ya Ahabu na ukatili wa Yezebeli. Wachache hukumbuka kwamba Nabothi hakuuawa gizani. Mkutano uliitishwa, watu wakafunga, naye akaketishwa mbele ya umma, na mashahidi wakasema yao. Taratibu zote zilifuatwa. Hukumu tu ndiyo iliyokuwa imekwisha kuandikwa na kutiwa muhuri kabla ya mkutano.

Hatuandiki haya ili kuwashawishi ndugu zetu wasusie vikao. La hasha. Tunaandika kwa sababu tumesadiki kwamba tumekuwa tukipigania nusu ya haki yetu. Tumepigania kuulizwa, tukapata. Hatujapigania kujibiwa.

Haki ya kuulizwa yenyewe haikuokotwa njiani. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, vilibomolewa kwa amri ya Tume ya Jiji, na viongozi wa dini waliokemea unyama huo walikuwa wakiambiwa warudi kwenye mimbari zao waache siasa. Mwaka huo huo chama tawala, KANU, kiliunda kamati chini ya Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, ikusanye maoni ya wananchi juu ya mwenendo wa chama. Huenda waliounda kamati walitarajia sifa. Watu walikuja na malalamiko: kura ya mlolongo, ufisadi, wanachama kufukuzwa ovyo, na wako waliothubutu kutaja vyama vingi. Desemba 1990 mkutano wa wajumbe ukaiondoa kura ya mlolongo. Vyama vingi vilikataliwa, hadi Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991.

Hatuikumbuki kamati hiyo kwa mapenzi. Tunaikumbuka kwa kuwa iliketi hadharani, magazeti yakaandika yaliyonenwa, na taifa zima likajua ni nini kilichoombwa na ni nini kilichonyimwa. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya Rais Moi kuuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Viongozi wa dini walikutana Ufungamano mwaka 1999 wakasema Wanjiku anajua mengi, na tume ya Profesa Yash Pal Ghai, ambayo kundi la Ufungamano liliungana nayo mwaka 2001, ikazunguka nchi nzima ikimsikiliza. Aliyoyasema yaliandikwa. Kwa hiyo rasimu ya mwaka 2005 ilipoletwa ikiwa imegeuzwa katika mambo mazito, watu walikuwa na cha kulinganisha nacho, nao wakaikataa kwa kura tarehe 21 Novemba. Katiba waliyoikubali Agosti 2010 inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10. Inalibana Bunge katika Kifungu cha 118, na mabunge ya kaunti katika cha 196. Na tangu 2013 iko sheria inayomtaka waziri anayetunga kanuni ashauriane kwanza na wale zitakaowagusa.

Basi tuna sheria. Tuone inavyotumika katika mambo ya mkate na paa.

Kanuni za bima ya afya ya jamii za mwaka 2024 ziliweka mchango wa asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na zikamtaka mtu asiye na mshahara alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Yaani shilingi 3,600 mkononi kwa siku moja, kutoka kwa mtu anayepata riziki yake kwa siku na kuimaliza kwa siku. Mtu yeyote wa Mlango Kubwa au Kiamaiko angeweza kuwaeleza watunga kanuni kwamba kibarua anayenunua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi kumi hana namna ya kununua afya kwa mwaka. Ikiwa aliwaeleza, jibu liko wapi? Ikiwa hakuulizwa, ile orodha ya mahudhurio ilikuwa ya nani?

Habari ya kodi ni ndefu na wasomaji wetu waliiishi. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa kasoro za kushirikisha umma. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaihuisha. Kabla ya hayo yote vijana, na wa mtaa huu wakiwemo, walikuwa wamekwisha kuukataa Mswada wa Fedha wa 2024 barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani tarehe 25 Juni. Rais alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Tunaloliona zito katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ni hili: kwamba hakuna sheria inayolilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu kwa kila pendekezo lililokataliwa. Hatubishani na majaji hapa. Tunasema tu kwamba hapo ndipo penye tundu, na tundu hilo haliwezi kuzibwa na mawakili peke yao.

Lakini kipimo chetu cha uchungu ni mto. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 Mto Mathare ulipanda ukaingia majumbani, ukachukua watu na mali. Mwishoni mwa mwezi huo Baraza la Mawaziri liliamuru wakazi wa maeneo ya mafuriko waondoke kwa muda wa saa 48. Ikasemwa mita 30 kutoka mtoni, na mwezi Mei tingatinga zikashuka bondeni. Ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia ilitolewa. Hatusemi kwamba watu wangeachwa walale katika njia ya maji; maiti tulizizika sisi. Tunauliza ni nani aliyeketi na wakazi akawauliza mto hufika wapi unapofura, kwa maana wao wanapajua kwa alama za tope ukutani. Tunauliza kwa nini hatari iliyojulikana kwa miaka mingi ilipewa siku mbili tu za utatuzi. Shilingi 10,000 haitoshi kodi na amana ya chumba na kununua upya sufuria, godoro na sare za shule. Dharura ni kweli huja. Ila tumeona pia kwamba kwa maskini kila jambo hufanywa kuwa dharura, na dharura haina kikao.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema ukweli nusu, kwa maana sisi watu wa kanisa tuna deni katika bonde hili.

Mwaka 1992, katika kipindi kile kile ambacho mimbari zilikuwa zikidai vyama vingi, ulianza mradi wa kuboresha makazi katika Mathare 4A. Fedha zilitoka Ujerumani, serikali ya Kenya ikawa mshirika, na utekelezaji ukawa mikononi mwa Amani Housing Trust, chombo cha Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi. Nia ilikuwa njema na kazi ilionekana: barabara, mabomba ya maji taka, taa, vyumba vya kudumu mahali pa udongo na mabati yenye kutu. Hata hivyo, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umezungukwa na upinzani mkali na vurugu, na hatimaye ukakwama. Wenye mabanda walikuwa wakipoteza kodi, hilo lilijulikana; na wanasiasa walichochea, hilo nalo halishangazi. Lakini walioukataa mradi hawakuwa wenye mabanda tu. Walikuwemo wapangaji, wale wale ambao nyumba zilijengwa kwa ajili yao. Walitaka kujua chumba kitakuwa cha nani baada ya kulipiwa kodi miaka kumi, na kwa nini mwenye banda alipwe fidia na mpangaji abaki mpangaji. Kwa maoni yetu, wapangaji hao walifundishwa mengi juu ya mradi na wakajibiwa machache. Tuliowaambia wakubwa wa serikali kwamba mwananchi si mtoto, tulimchukulia jirani yetu kama mtoto mara tulipokabidhiwa ramani.

Wako watakaotuuliza kwa nini tunafukua jambo hilo leo. Tunalifukua kwa sababu hatuwezi kuidai kaunti jibu ambalo sisi wenyewe hatukulitoa.

Na jibu linawezekana. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu. Huko Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani zipo kaya zaidi ya 100,000, na mtu angesema kuziuliza zote ni ndoto. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake walianza na kaya kumi kumi, kila kumi wakachagua msemaji, na wasemaji wakapanda ngazi hadi kwenye meza ya wataalamu. Muhimu zaidi, wasemaji walishuka tena. Kilichoamuliwa juu kilirudi mlangoni kwa yule aliyesema chini. Mukuru haijawa peponi, na mafuriko na ubomoaji wa 2024 viliifika pia. Lakini barabara zilizochorwa huko zilichorwa na watu wanaojua ni nyumba ya nani inayopitiwa.

Kaya kumi kumi! Ni nani katika Mathare aliye na mpango huo tayari, kama si sisi? Jumuiya ndogo ndogo hukutana nyumba kwa nyumba kila juma. Makanisa mengine yana vikundi vya akina mama, vya vijana, vya masomo ya Biblia. Ndugu zetu Waislamu wana misikiti yao. Mahakama Kuu ilikwisha kulisema hilo mwaka 2014, Jaji George Odunga alipoibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013: kwamba haitoshi kurusha tangazo hewani na kumwachia mwananchi alisake, na kwamba makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za watu ndizo njia za kutumia. Jaji ametufungulia mlango wa kanisa letu wenyewe, imekuwaje tusiingie?

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, maparoko na wazee wa kanisa katika wadi zote sita za Mathare wafanye jambo dogo. Tangazo la kutoa maoni likitoka, lisomwe baada ya ibada pamoja na matangazo ya harusi na matanga. Mswada au kanuni zidaiwe kwa Kiswahili, kwa maana Kifungu cha 120 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, nacho si mgeni anayetafsiriwa kwa hisani. Walimu walio miongoni mwetu wausome mswada na jumuiya kabla ya kikao, ukurasa kwa ukurasa, hata kama ni kwa taa ya simu. Maoni yaandikwe kwa nakala mbili, na nakala moja ipigwe muhuri na ibaki kwetu. Baada ya siku 30 wajumbe warudi kwenye ofisi iliyoyapokea na daftari lile lile, waulize kwa upole: hili mlilikubali? hili mlilikataa? kwa sababu gani? Wakikosa jibu, waandike kwamba hawakupata jibu, tarehe na jina la ofisi, na Jumapili hiyo lisomwe kanisani pale pale liliposomwa tangazo la kwanza.

Na karatasi ya mahudhurio itakapopita mkononi mwako, ndugu, usiikatae, kwa maana ni haki yako kuonekana kwamba ulikuwepo. Andika jina lako. Kisha, kabla ya kutia sahihi, andika pembeni maneno machache yanayosomeka: nimehudhuria, nangojea jibu.