Dorper Abebe Mimba ya Red Maasai

Wasee, leo ni stori ya kondoo. Usipite, hii inagusa mpaka nyama choma yako ya wikendi.

Kuna teknolojia ya kupandikiza viinitete. Kondoo jike kwa kawaida hutoa yai moja au mawili akiingia joto. Daktari wa mifugo akimdunga homoni kwa siku kadhaa, anatoa mengi kwa mpigo. Anapandishwa na dume bora, halafu baada ya kama siku sita viinitete vinatolewa na kuwekwa kwa majike wengine, wale wa kubeba tu. Mama mmoja, watoto kibao, bila yeye kubeba mimba hata moja.

Poa. Swali langu ni: tunamzidisha nani?

Kila mtu sai anataka Dorper, yule mweupe wa kichwa cheusi aliyetoka Afrika Kusini. Siwalaumu wafugaji. Dorper anakua haraka, ana kilo, na kilo ndio karo ya watoto. Lakini tangu miaka ya 1970 tumemchanganya ovyo ovyo na Red Maasai wetu, mpaka kumpata Red Maasai ambaye hajachanganywa ni kazi. Na huyo mwekundu ana kitu Dorper hana: anahimili minyoo ya tumbo inayonyonya damu, na kiangazi kikikaza bado anasimama.

Sasa skiza. Kiinitete cha Red Maasai kikiwekwa ndani ya Dorper, anayezaliwa ni Red Maasai kamili. Tumbo la kuazima halibadilishi ukoo. Yaani yule aliyekaribia kummaliza ndiye anaweza kumrudisha. Na viinitete vingine vinagandishwa kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, vinasubiri hata miaka.

Najua ni ghali. Kwa kondoo, kutoa viinitete mara nyingi ni upasuaji, sio sindano tu. Huwezi kumwambia mfugaji wa Kajiado ajilipie. Serikali na kaunti ziweke pesa hapo. Na vitoke kwa majike wengi wa wafugaji tofauti, tusijaze boma na ndugu watupu.

Sisemi Dorper afukuzwe. Lakini hata ukitaka chotara mzuri, lazima Red Maasai kamili awepo. Akiisha, utachanganya na nini?