Ua la kutambaa na mtoto anayetambaa

Pothosi, ua la majani ya kijani yenye mabaka ya manjano, hupendeza likining'inia barazani Makoongwe. Kulipanda ni rahisi: kata tawi lenye kifundo, litie kwenye chupa ya maji, likitoa mizizi lihamishie kwenye kopo lililotobolewa chini. Mwagilia udongo ukikauka juu. Gizani manjano hufifia. Jua kali huunguza majani.

Lakini mzazi, litundike juu. Utomvu wake huwasha kinywa na huweza kuvimbisha ulimi. Mtoto akilitafuna, mtoe mabaki, mfute mdomo, mpe maji baridi. Akivimba au kupumua kwa shida, usingoje: hospitali ya Abdulla Mzee iko Mkoani, ng'ambo ya maji. Msumari mmoja ukutani ni rahisi kuliko safari hiyo usiku.